Mgongo wa Ronnie Coleman: nguvu, misuli na afya ni mambo matatu tofauti

Katika sali moja ya vyuma, yaani ukumbi wa mazoezi, huko Katuba, jijini Lubumbashi, kuna picha iliyofifia ambayo imebandikwa juu ya kioo kwa miaka mingi. Inamwonyesha Ronnie Coleman, Mmarekani mtunisha misuli, katika siku zake za ubingwa wa dunia, akiwa amewapa majaji mgongo, na mgongo huo umetanda kama mlango wa depo ya unga. Chini ya picha hiyo vijana hunyanyua baa ambazo ncha zake zimefungwa gia za malori ya zamani, na kila anayeanza kutanuka mabega huitwa pomba, yaani mtu wa misuli, kwa mzaha au kwa heshima, kutegemea anayeita ni nani. Mjadala ulianza simu zilipofika mikononi mwa wote, kwa sababu sasa kijana anaweza kusimama chini ya picha ile na kumwona kwenye simu yake mtu yule yule akijikokota kwa magongo mawili au akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Ilikuwaje mtu aliyewashinda wote duniani kwa misuli akashindwa kusimama?

Majibu yanayotolewa pale ni mengi, na karibu kila moja lina kipande cha ukweli ndani yake. Mmoja husema ni dawa, mwingine husema ni uzito. Wazazi husema ni vyuma vyenyewe, kwa hiyo kijana aviache akatafute kazi. Wapo wanaosema kwamba madaktari ndio waliomharibu, na wapo wasiokubali kamwe kwamba mtu anaweza kupata ukubwa ule bila kufunga mapatano ya usiku, ambayo deni lake lazima lilipwe siku moja. Hilo la mwisho naliacha lilipo. Haya mengine yanastahili kutenganishwa kwa uangalifu, kwa kuwa nguvu, ukubwa wa misuli na afya ni mambo matatu ambayo katika sali zetu hutajwa kana kwamba ni jambo moja, na maisha ya Coleman yanatuonyesha vizuri jinsi yanavyoachana njiani.

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1964 huko Monroe, katika jimbo la Louisiana, Marekani, akakulia katika mji mdogo wa Bastrop. Alisoma uhasibu katika Chuo Kikuu cha Grambling State, ambako alicheza kandanda ya Kimarekani chini ya kocha mashuhuri Eddie Robinson, na akahitimu kwa heshima. Yaliyofuata yataeleweka bila maelezo kwa kila mwenye lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, wa Lubumbashi: alihamia Texas na diploma yake mkononi, akatafuta kazi ya uhasibu asiipate, akaishia kufanya kazi Domino's Pizza, ambako, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alikula piza nyingi kwa sababu zilikuwa za bure. Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa polisi katika mji wa Arlington.

Polisi mwenzake ndiye aliyemwelekeza Metroflex, sali ya mtu aitwaye Brian Dobson, na kwa wale wanaodhani mabingwa hutengenezwa katika kumbi zenye viyoyozi na vioo vipya, inafaa kujua kwamba Metroflex ilikuwa ghala lenye joto kali na vyuma vilivyochakaa. Dobson alipouona mwili wa polisi huyo, alimpa ofa ambayo imekuwa hekaya katika mchezo huu: angefanya mazoezi bure maisha yake yote, mradi akubali kuandaliwa kwa mashindano ya Mr. Texas ya mwaka 1990. Coleman alikubali, akayashinda. Mwaka uliofuata alishinda uzito wa juu katika mashindano ya dunia ya wasio wa kulipwa yaliyofanyika Poland, na kwa ushindi huo akapata haki ya kushindana kama mtu wa kulipwa. Hata hivyo hakuacha kazi. Aliendelea na doria hadi mwaka 2000, akabaki polisi wa akiba hadi 2003, jambo lenye maana kwamba mataji yake ya kwanza ya dunia aliyatwaa huku jina lake likiwa bado kwenye orodha ya zamu.

Mshahara huo una uzito wake katika hadithi hii, kwa sababu ndio uliomwezesha kushindwa kwa muda mrefu bila kufa njaa. Mr. Olympia, mashindano makubwa kuliko yote ya utunishaji misuli, yalianzishwa na Joe Weider mwaka 1965, na Coleman alipoyaingia kwa mara ya kwanza mwaka 1992 hakutajwa hata miongoni mwa walioorodheshwa kwa nafasi. Mwaka 1994 alikuwa wa 15, mwaka 1995 wa 11, mwaka 1996 wa 6, na mwaka 1997 akarudi nyuma hadi nafasi ya 9. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 34, alishinda.

Mtu hupandaje kutoka nafasi ya tisa hadi ya kwanza kwa miezi kumi na miwili? Hapa ndipo fundo la kwanza linapohitaji kufunguliwa, kwa sababu mtazamaji wa Lubumbashi, aliyezoea ndondi na mpira, hudhani kwamba jukwaani hupimwa nguvu. Hakuna chuma kinachonyanyuliwa pale. Majaji huwatazama washindani wakiwa wamesimama na kutunisha, wanalinganisha wingi wa misuli, uwiano wa juu na chini, wa kushoto na kulia, na ukavu, yaani jinsi mafuta na maji yalivyopungua chini ya ngozi hata kila mstari wa msuli ukaonekana. Kisha huwapanga kwa nafasi, na mwenye jumla ndogo ya pointi ndiye mshindi. Mwaka ule bingwa wa miaka sita mfululizo, Mwingereza Dorian Yates, alikuwa amestaafu baada ya majeraha, kiti kikiwa wazi. Wengi walimtarajia Flex Wheeler akikalie. Coleman alifika na mwili ule ule uliokuwa mkubwa tangu zamani, ila safari hii umekauka, baada ya kubadilisha mpango wake wa chakula na maandalizi pamoja na mshauri wake Chad Nicholls, akamshinda Wheeler kwa pointi tatu tu.

Ukavu huo una hatari yake, nayo si hatari ya mgongo. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria aliyeshindana kwa jina la Ufaransa, alikufa Oktoba 1992 akiwa na miaka 33, muda mfupi baada ya mashindano ya Uholanzi, na Mwaustria Andreas Münzer akafa mwaka 1996 akiwa na miaka 31. Dawa za kutoa maji mwilini huvuruga chumvi za damu, na moyo hauwezi kupiga vizuri pasipo chumvi hizo. Nalitaja jambo hili kwa ufupi kwa sababu vijana huogopa ukubwa wa mwili, ilhali siku ya hatari kuliko zote kwa mshindani ni ile ambayo watazamaji humwona amependeza zaidi.

Baada ya 1998 Coleman hakushindwa Mr. Olympia hadi 2006. Alitwaa mataji manane mfululizo, akaifikia rekodi ya Lee Haney aliyeshinda kuanzia 1984 hadi 1991, na kwa jumla akashinda mashindano 26 ya kulipwa, idadi ambayo baadaye ilipitwa na Dexter Jackson. Katika miaka hiyo mwili wake ulizidi kukua. Mwaka 1998 alipanda jukwaani akiwa na kilo 113 hivi. Mwaka 2003 alikuwa na takriban 130, na mwaka 2004 takriban 134, akiwa na urefu wa mita 1.80. Hapo tunazungumzia uzito wa siku ya mashindano, mtu akiwa hana mafuta yanayoonekana; nje ya msimu alizidi kilo 140. Majaji waliupenda ukubwa huo, na walichokipenda majaji ndicho kilicholipa, kwa zawadi, kwa mikataba ya majarida na ya unga wa protini, na kwa mialiko ya kujionyesha katika nchi za mbali. Sioni sababu ya kumlaumu mtu kwa kukuza kile anacholipwa kukikuza.

Lakini aliukuzaje? Watunisha misuli wengi hawatafuti uzito mkubwa kuliko wote. Msuli hukua unapofanyishwa kazi karibu na ukomo wake, na ukomo huo unaweza kufikiwa kwa uzito wa wastani unaorudiwa mara kumi au kumi na mbili, sawasawa na unavyoweza kufikiwa kwa uzito mkubwa unaorudiwa mara chache. Coleman alitoka katika unyanyuaji wa vyuma vizito, na tabia hiyo hakuiacha. Mbele ya kamera, katika miaka ya ubingwa wake, alichuchumaa mara mbili akiwa na kilo 363 mabegani, na uzito kama huo akauinua kutoka chini mara mbili. Kwa vipimo vyetu, ni mifuko saba ya simenti na zaidi kidogo, yote juu ya shingo ya mtu mmoja. Kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu alisukuma zaidi ya kilo 1,000, mara nane, huku akipaza sauti kujiambia kwamba uzito ni mwepesi.

Haukuwa mwepesi, na aliyeujua ukweli alikuwa uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama kifuko chenye ukuta wa nyuzi ngumu na ute mzito katikati, ambacho hupokea mshtuko kila tunapotembea, kuinama au kubeba. Msuli una damu nyingi, kwa hiyo ukichanika kidogo hujengwa upya kwa siku chache na hurudi ukiwa mnene zaidi. Kano, zinazofunga msuli kwenye mfupa, zina damu kidogo na hukomaa polepole. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Hula kwa kunyonya kutoka kwenye mfupa wa jirani, tone kwa tone, na ikipasuka haiponi kama msuli unavyopona. Kwa hiyo mtu anayeongeza kilo kwenye baa kila mwaka huwa na tishu tatu zinazokwenda kwa mwendo tofauti: msuli unakimbia, kano zinafuata kwa mbali, na diski imeketi pale pale. Mchukuzi wa magunia katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anaijua habari hii kwa mwili wake bila kusoma kitabu. Mikono na shingo yake humwambia kwamba anaweza kuongeza gunia jingine, na kiuno humkatalia usiku.

Diski ya Coleman ilikwisha kuumia kabla hata hajatwaa taji lake la kwanza, katika miaka ya 1990, naye akaendelea. Ute wa diski unapotoka mahali pake hukandamiza mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni, na hapo maumivu, ganzi na udhaifu hufuata; ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mapaja makubwa kama magogo na bado mguu ukakataa kutii. Nyonga nazo zilibeba zigo lile lile, pamoja na kilo 140 za mwili wenyewe, kila siku, kila ngazi.

Vipi kuhusu dawa, jibu linalotolewa kwa sauti kubwa kuliko mengine? Coleman mwenyewe amesema hadharani kwamba alizitumia, kwa cheti cha daktari, na hakuna mtu makini anayedai kwamba kilo 134 za mwili mkavu hupatikana kwa bukari, yaani ugali, na maharage peke yake. Steroidi za jamii ya testosteroni huongeza kasi ya mwili kujenga protini ya misuli na hufupisha muda wa kupumzika baina ya mazoezi. Madhara yake yanajulikana: unene wa kuta za moyo, mafuta mabaya ya damu, ini kuchoka, korodani kuacha kazi yake. Lakini diski haipasuliwi na sindano. Mchango wa dawa katika mkasa wa mgongo ulikuwa wa kuzunguka: zilimpa misuli iliyoweza kubeba uzito ambao sehemu zisizokuwa misuli hazikuandaliwa kuubeba. Anayesema ni dawa na anayesema ni uzito hawapingani, kwa kuwa wanautazama mnyororo mmoja kutoka ncha mbili.

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu neno steroidi limeleta balaa lake katika miji yetu. Vidonge vya dexamethasone, ambavyo wengi hununua dukani bila cheti ili wanenepe mashavu na makalio, huuzwa pia kwa vijana wa sali kwa maelezo kwamba navyo ni steroidi, kama zile za mabingwa. Majina yanafanana, kazi zinapingana. Dexamethasone ni dawa ya kutuliza uvimbe na mzio mkali. Ikitumiwa muda mrefu huvunjavunja protini ya misuli, hupunguza ugumu wa mifupa, hupandisha sukari ya damu na kuufanya uso uvimbe, na akiiacha ghafla mtu anaweza kuanguka kwa sababu tezi zake zimesahau kufanya kazi. Kijana anayeimeza ili awe kama Coleman anaupunguza msuli aliokuja kuujenga. Unono anaouona kwenye kioo ni maji na mafuta.

Coleman aliposhindwa na Jay Cutler mwaka 2006 alikuwa wa pili, mwaka 2007 akawa wa nne, akastaafu akiwa na miaka 43. Upasuaji ulianza mwaka huo huo na haukukoma upesi: uti wa mgongo sehemu ya kiuno, kisha shingo, kisha kiuno tena, na mwaka 2014 nyonga zote mbili zikabadilishwa na kuwekwa za bandia. Kwa jumla amepasuliwa zaidi ya mara kumi. Je, madaktari ndio waliomharibu? Ili kuelewa ni lazima tujue wanachokifanya. Diski ikiwa imekwisha kabisa, huondolewa, na pingili mbili hufungwa pamoja kwa skrubu na fito za chuma ili zishikane na kuwa mfupa mmoja. Maumivu ya mahali pale hupungua, lakini kiungo kilichokuwa kinapinda sasa hakipindi, na kazi yake huhamia kwa pingili za juu na za chini, ambazo nazo huweza kuanza kuchakaa haraka kuliko kawaida. Kufunga kiungo kimoja, kwa hiyo, mara nyingine ni kukifungulia mlango kinachofuata. Ongeza mgonjwa ambaye baada ya kila upasuaji hurudi sali mapema, ongeza mwili wake mzito, na utaona kwa nini orodha ilirefuka. Chumba cha upasuaji hakikuanzisha tatizo, ila kila dawa ya tatizo hilo ilikuwa na bei yake.

Wazazi wanaosema kwamba ni vyuma vyenyewe wamtazame Lee Haney. Ana mataji manane kama Coleman, na urefu wao ni karibu sawa. Alipanda jukwaani akiwa na kilo 110 hivi, alistaafu mwaka 1991 akiwa bado bingwa, na kauli anayojulikana nayo hadi leo ni kwamba zoezi ni la kuuamsha msuli, si la kuuangamiza. Alitoka katika mchezo akiwa anatembea kwa miguu yake. Kunyanyua vyuma kwa kiasi huimarisha mifupa, na misuli ya kiuno iliyozoezwa vizuri huulinda mgongo badala ya kuuvunja. Kijana wa Katuba anayebeba gia za lori mara kumi na mbili, kiuno kikiwa kimenyooka, yuko salama kuliko babake anayepakia malori ya mahindi. Baina ya Haney na Coleman kuna tofauti ya kilo zaidi ya ishirini za mwili, miaka mingi zaidi ya mashindano, na mamia ya kilo kwenye baa.

Coleman mwenyewe hautumii mkasa wake kuwatisha wengine. Ana kampuni yake ya virutubisho, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa jina lake, amezoea kupigwa picha akiwa kwenye mashine za mazoezi kwa uzito mdogo, na akiulizwa kama anajuta hujibu kwamba angeyafanya yote tena. Kuna jambo moja tu ambalo amesema linamsumbua, na linatoka kwenye siku ile ya kilo 363: alichuchumaa mara mbili akarudisha chuma mahali pake, ilhali ndani ya miguu yake alijua kwamba alikuwa na nguvu za kufika mara nne.

Katika sali ya Katuba habari hiyo husimuliwa mara kwa mara, na husimuliwa kwa kicheko cha kustaajabia. Sijasikia hata mara moja msimulizi akiongeza kwamba aliyeyasema hayo aliyasema akiwa ameegemea magongo.